Kabla pesa ya likelemba haijaenda kwenye moteri kubwa

Juma hili tunaongea juu ya jambo ambalo wengi wetu tunaliachia vijana na fundi, ijapokuwa mara nyingi pesa yake inatoka kwa mama: kutoa moteri ya pikipiki ya zamani na kutia kubwa zaidi, pale pale nyumbani, chini ya mwembe.

Tuchukue Yamaha AG100, ambayo wengi tunaijua kwa kuona waganga na mapadri wakisafiri nayo. Ni pikipiki ngumu. Moteri yake ni ndogo, sentimita za ujazo 97 tu, nayo inachoma mafuta ya moteri pamoja na esansi. Siku pistoni inapokwisha, kijana anatafuta kipande na hakipati. Anaona moteri mpya ya Kichina, ya 125, 150 ao 200, anakuja kwa mama: «Mama, tutie 200, itapanda mlima na watu wawili.»

Kijana hasemi upuuzi. Nyingi za moteri hizo za Kichina zimefuata mfano wa Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976. Honda waliifikiria kwa ajili ya nchi ambako watu wanabeba mizigo mizito na wanachelewa kubadilisha mafuta. Inavumilia sana, na mafundi wameizoea. Kazi yenyewe inawezekana nyumbani, mradi wawepo watu wawili wa kuinyanyua, maana inapita kilo 20.

Lakini bei ya moteri siyo bei ya kazi. Moteri mpya haiingii kwenye matundu ya bulo za zamani, kwa hiyo fundi anakata vyuma na kuvichomelea kwenye shasi. Hapo msimame mtazame, hata kama fundi hapendi. Pinyo ya moteri na pinyo ya gurudumu la nyuma lazima ziwe mstari mmoja. Zikipishana, shene inakula meno, inatoka, na inaweza kufunga gurudumu njiani. Bomba la moshi la zamani halifai, kwa sababu moteri hizi mbili hazipumui namna moja. Karbirateri na vifaa vya umeme pia vinapaswa kuwa vya moteri mpya. Muulize bei ya vyote kabla ya kufungua sanduku la likelemba. Pikipiki iliyofunguliwa nusu, pesa ikakwisha, haileti hata sabuni nyumbani.

Kuna pia tabia ya zamani ya kuacha. AG100 inamaliza mafuta yake kwa kuyachoma. Dereva anaongeza tu. Moteri ya CG inayaweka tumboni, karibu litre moja, na hayo yanachafuka. Baada ya kilomita 500 hivi za kwanza yamwagwe na kutiwa mapya, kisha iendelee hivyo kwa ratiba. Mama anayeandika hesabu ya kila siku ya pikipiki aandike na tarehe ya mafuta.

Sasa fereni, na hapa hatutanii. Fereni za AG100 ni za ngoma, mbele na nyuma, nazo zilipimwa kwa moteri ile ndogo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, kutoka 30 kwa saa kufika 60, nafasi inayohitajika ili fereni ziisimamishe inakuwa mara nne. Fikirini mteremko wa vumbi saa watoto wanatoka masomoni. Fikirini mama mwenye uchungu anayepelekwa maternite usiku, na dada yake amemshika kwa nyuma. Kwa maoni yetu 200 si ya shasi hii. 125 inatosha, 150 ikiwa milima ni mingi na dereva ni mtu mzima wa akili. Na pesa ya kwanza inunue fereni mpya, kabla ya moteri.

Mtazame namba ya moteri iliyochongwa kwenye chuma. Ikiwa imekwanguliwa, msinunue, hata kwa bei ya chini. Inaweza kuwa ya wizi. Mdai karatasi ya ununuzi yenye namba hiyo, ikae pamoja na karatasi za pikipiki, kwani zile za zamani zina namba ya moteri iliyotolewa.

Na moteri ya zamani msimwachie fundi bure. Kuna mwenye AG100 nyingine anayetafuta vipande vyake.