Kungoja Bila Kuelezwa: Somo la Krapf na Rebmann

Msibani, Mkristo huambiwa mapema: "Ni mpango wa Mungu." Anayesema hivyo husema kwa mapenzi. Lakini mara nyingi maneno hayo humnyamazisha mfiwa kabla hajauliza lolote, na historia ya Ukristo wa Mombasa yenyewe haikuanza kwa kunyamazishwa.

Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika kuishi Mombasa mwaka 1844, baada ya kazi yake Ethiopia kuvunjika. Julai mwaka huo mkewe Rosina alijifungua mtoto wa kike, homa ikampata, akafa. Mtoto naye akafuata siku chache baadaye. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa. Mama na mtoto wakazikwa ng'ambo ya maji, upande wa Nyali, mkabala na Mji wa Kale. Baadaye aliiandikia jumuiya yake ya misheni London kwamba kaburi lile ni ishara kuwa kazi imeanza. Wahubiri wengi huisoma barua hiyo kana kwamba Krapf alikwisha kuelewa kwa nini. Mimi naona ni kiapo. Hakudai kuijua sababu, alisema haondoki.

Na alichokifanya baada ya mazishi kilikuwa kidogo sana. Mwezi mmoja kabla, alikuwa ameanza kutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa. Akairudia kazi hiyo. Mjerumani aliyefiwa, akitafuta pamoja na mwanazuoni wa Kiislamu neno linalofaa kwa uumbaji wa mbingu na nchi: hapo ndipo naiona imani yake kwa karibu zaidi kuliko katika mipango yake mikubwa ya kujenga vituo vya misheni kukata bara zima. Mipango hiyo haikutimia. Sura tatu za Mwanzo zilichapishwa Marekani mwaka 1847.

Johannes Rebmann alijiunga naye mwaka 1846, wakafungua kituo Rabai. Tarehe 11 Mei 1848 aliiona theluji ya Kilimanjaro, na wataalamu wa London wakambishia kwa miaka. Ugumu wa Rabai ulikuwa mzito kuliko ubishi huo. Waliobatizwa walikuwa wa kuhesabika. Wa kwanza, Mringe, mtu mwenye ulemavu, alibatizwa akiwa karibu na kufa. Krapf akaondoka 1853. Mwaka 1866 Rebmann akamzika mkewe Emma, na macho yake yakazidi kufifia. Hata hivyo akabaki hadi 1875.

Subira ya namna hii tusiisifu ovyo. Kungoja kunaweza kuwa ukaidi tu, na wapo wenzake Rebmann waliomwona hivyo. Kipimo ninachokiamini kiko kwa nabii Habakuki: alimlalamikia Mungu waziwazi, kisha akasimama zamu yake akingoja jibu. Kulalamika na kusimama zamu huenda pamoja. Anayengoja bila kuuliza huenda amekwisha kukata tamaa, ila hajawaambia watu. Rebmann alijaza miaka yake kwa kamusi na tafsiri ambazo hakujua nani angezitumia.

Alipoondoka akiwa karibu kipofu kabisa, aliyemwongoza safari nzima hadi Ujerumani alikuwa Isaac Nyondo, mwana wa Abe Gunja, mmoja wa waumini wale wachache wa mwanzo.

Lakini waliobeba mbele tumaini la kazi ya Rabai walikuwa wengine. Mwaka 1864 waliletwa Rabai Waafrika waliokombolewa utumwani na kulelewa India, wakiwemo William Jones na Ishmael Semler. Mwaka 1875 Frere Town ikaanzishwa kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, na kengele yake ndiyo iliyotuachia jina la mtaa wa Kengeleni, Mombasa. Mwaka 1885 Askofu Hannington akawaweka Jones na Semler kuwa mashemasi.

Krapf na Rebmann walichagua kuja na wangeweza kurudi kwao. Jones na Semler walinyang'anywa makwao, wakavushwa bahari, hakuna aliyewaeleza kitu, na bado wakaamini. Tukifundisha kungoja katika makanisa ya Mombasa, tungeanza na hao wawili, kisha ndipo tuje kwa Krapf.