Gazeti la Manyani

Sisi watu wa pwani tukifikwa na dhiki, jambo la kwanza ni kuteremsha msahafu. Husomwa Yasini, ikasomwa Burda, na moyo ukatua. Haya tumeyakuta kwa wazee wetu. Walakini yuko mtu wa Nakuru ambaye habari yake yafaa kusikilizwa, kwani kiu ya kusoma ilimshika mahali pasipo na kitabu.

Huyo ni Josiah Mwangi Kariuki, ambaye wengi walimjua kwa herufi mbili tu, J.M. Alizaliwa Kabati-ini, katika Bonde la Ufa, mwaka 1929, akasoma hadi King's College Budo, Uganda, kisha akafungua hoteli mjini Nakuru. Nakuru ya siku hizo ilikuwa mji wa masetla, na Mwafrika mwenye hoteli yake hakukosa kutazamwa kwa jicho la pembeni. Oktoba 1953 alikamatwa papo hapo hotelini, akawekwa kizuizini miaka saba.

Miongoni mwa kambi alizopitishwa ni Manyani, ile tunayoipita tukishaiacha Voi. Mfungwa aliyehukumiwa huhesabu siku zake. Mtu wa kizuizini ahesabu nini? Hapo ndipo kipande cha gazeti kilichotupwa na Mzungu kilipokuwa tunu. Aliyekipata alikisoma kwa siri, akakihifadhi kifuani, kisha akawasimulia wenziwe. J.M. aeleza kwamba habari iliyothibiti waliiita "Manyani Times", na ya kutiliwa shaka wakaiita "Waya Times". Hebu fikiri! Watu wa njaa na viboko, na bado wapambanua habari sahihi na dhaifu, mfano wa wanazuoni wetu na hadithi.

Wako wasemao kwamba kusoma wakati wa shida ni kujisahaulisha tu. Na iwe hivyo, si haramu. Mwenye maumivu akipata saa moja ya kuyasahau, na ashukuru. Lakini msomaji wa Manyani alikuwa na kazi nzito zaidi, maana nyuma yake palikuwa na masikio mengi yakingoja, kama pale barazani kwetu ambapo mmoja husoma gazeti na kumi wakasikiliza. Akikosea neno, kambi nzima imekosea. Mtu wa namna hiyo hapati wasaa wa kukaa akajililia.

Waliojua kusoma waliwafunza wasiojua. J.M. mwenyewe aliandika barua za malalamiko, zikatoroshwa hadi kwa wakubwa wa London. Alipigwa kwa ajili yake, akaandika tena.

Alifunguliwa mwaka 1960, na mwaka 1963 Oxford wakakichapa kitabu chake, Mau Mau Detainee, ambacho baadaye kilitoka kwa Kiswahili kwa jina la Mau Mau Kizuizini. Machi 1975 aliuawa, na maiti yake ikaokotwa Ngong.

Atakayebahatika kuipata nakala kuukuu ya Kiswahili na aanze na kurasa za Manyani, kisha safari ijayo ya bara, basi likishaiacha Voi, achungulie dirishani.