Heri kuzama hapa mbele ya kuzama kule



Kila mumoja wetu amekwisha kuona kamiyo iliyozama mu potopoto. Shofere anashuka, anaangalia magurudumu, anaita watu: wamoja wanasukuma, wengine wanatia mawe na majani chini ya mipira. Lakini kama imezama pahali hakuna hata mutu mumoja, itatoka namna gani?

Njo mambo yaliyofika kwa sayari ya Mars. Mu Januari 2004 masini mbili za Wamarekani, Spirit na Opportunity, zilitua kule. Kila moja ilikuwa na magurudumu 6, na shofere hapana: amri zilitoka huku duniani kwa radio, na pengine zilikawia zaidi ya dakika 20 mbele ya kufika. Tarehe 26 Aprili 2005, Opportunity ikaingia mu muchanga laini, magurudumu yakazama.

Wafundi hawakufanya haraka. Kule Pasadena, mu jimbo la California, walikuwa na masini ingine ya namna ileile. Wakachanganya muchanga na udongo na unga mwepesi, mupaka ukafanana na ule wa Mars. Wakazamisha masini yao kwa kusudi, wakatafuta namna ya kuitoa. Kisha kupata njia njo wakatuma amri kule juu, kidogo kidogo.

Tarehe 4 Juni ikatoka. Magurudumu yalizunguka sawa vile ya kutembea mita 192, kumbe masini ilisogea karibu mita 1 tu! Lakini mita ile moja iliiokoa: ilifanya kazi mupaka 2018, ikapitisha kilometa 45.

Tusidanganyane: kujaribu si dawa ya kila kitu. Mwaka 2009 Spirit nayo ilizama. Wakajaribu tena miezi mingi mu muchanga wa Pasadena, lakini gurudumu moja lilikuwa limekufa tangu 2006, na lingine likakufa pale pale. Haikutoka. Mwaka 2010 ikanyamaza.

Sisi wa mwaka wa mwisho tunangojea egzamini ya Serikali. Mule ndani hakuna mutu wa kutusukuma. Basi nyinyi wadogo wetu, musione mazoezi ya mwalimu kuwa azabu. Ule muchanga wa Pasadena njo huu wetu wa darasani: ukizama hapa, ungali na wakati wa kuuliza mwenzako.