Mwili, nafsi na roho: mtu ni mmoja au watatu?

Siku hizi Neno la Mungu huingia nyumbani kwa njia nyingi: kwa kitabu, kwa redio, hata kwa simu ya mfukoni. Tumshukuru Mungu. Lakini kwa njia hizo hizo huingia pia fundisho linalowasumbua Wakristu wengi. Husemwa ya kwamba mtu amegawanyika sehemu tatu, mwili, nafsi na roho, kama vyumba vitatu vyenye milango iliyofungwa. Na roho ikiisha kuokoka, matendo ya mwili hayaigusi tena. Wengine huzidi: mwili ni ganda tu, ya nini kumpeleka mgonjwa hospitalini? Hapo fundisho limekuwa hatari kwa mtoto mwenye homa.

Wanaofundisha hivyo hutaja Waraka wa kwanza kwa Wathesalonike, sura ya 5, mstari wa 23. Ni kweli, Mtakatifu Paulo anayataja pale maneno yale matatu. Lakini tusome vema. Mtume aliandika karibu na mwaka 51, kwa Wakristu wapya waliohuzunika kwa ajili ya wafu wao. Anawaombea wahifadhiwe wazima kabisa mpaka Bwana atakapokuja, naye anataja vitatu ili asiache kitu nje. Baba akiwaombea wa nyumbani mwake, wakubwa kwa wadogo, waliopo na walio safarini, je, ameivunja jamaa yake vipande?

Sisi tunaosema Kiswahili tuna bahati. Nafsi ni neno la Kiarabu, na ndugu yake katika Kiebrania ni nefesh. Roho nayo ni ndugu ya ruah. Nefesh ni koo, mahali pa pumzi na kiu. Ndiyo maana katika Zaburi ya 69 mtu anayezama analia ya kwamba maji yamefika hapo. Tena ni uhai, tena ni mtu mwenyewe. Ruah ni upepo na pumzi. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 2, Mungu anamfinyanga mtu kwa mavumbi, anampulizia pumzi, naye mtu anakuwa nefesh hai. Hakuvikwa nefesh kama koti. Yeye mzima alikuwa nefesh. Wanafunzi wanalijua jambo hili bila kujua: katika sarufi, mimi ni nafsi ya kwanza, na wewe ni ya pili.

Kanisa lilikwisha kupambana na mgawanyo wa namna hii. Katika karne ya 4, Apollinaris, askofu wa Laodikea, alifundisha ya kwamba Kristu hakuwa na roho yenye akili ya kibinadamu, bali Neno wa Mungu alishika mahali pake. Basi ni nani aliyehuzunika Getsemani? Mtaguso wa Konstantinopoli wa mwaka 381 ulilikataa fundisho hilo. Na Katekisimu ya mwaka 1992, katika namba 367, yaeleza ya kwamba Paulo akitofautisha nafsi na roho haweki roho mbili ndani ya mtu. Aonyesha tu ya kwamba mtu ameitwa kupita maumbile yake, hata kushirikiana na Mungu.

Lakini je, Paulo hakusema mwili hupingana na Roho? Tazameni orodha yake katika Wagalatia, sura ya 5. Pamoja na uasherati na ulevi anataja uadui, wivu, hasira na mafarakano. Tangu lini wivu ni dhambi ya mkono au ya tumbo? “Mwili” pale ni mtu mzima aliyempa Mungu kisogo. Paulo huyo huyo anawaambia Wakorinto ya kwamba mwili wao ni hekalu la Roho Mtakatifu, na katika waraka kwa Timoteo tunasoma shauri la kunywa divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Mwenye kudharau mwili asingekumbuka tumbo la mwanafunzi wake!

Wakristu wa Kongo wanao ushuhuda wao. Sista Anuarite aliuawa huko Isiro tarehe 1 Desemba 1964, akiilinda nadhiri yake. Mabaki yake hayakuachwa kama nguo iliyochakaa: yalifukuliwa, yakazikwa tena kwa heshima. Tarehe 15 Agosti 1985, mjini Kinshasa, Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri.