Magunia 120 yaliingia ghalani. Yalitoka mangapi?

Ndugu msomaji, kama wewe ni mwanachama wa kikundi, nakuomba ujibu swali moja kabla ya kuendelea kusoma. Kikundi chenu kinataka nini?

Labda utajibu, "Tunataka maendeleo." Au utasema, "Kuinua hali ya wanachama." Maneno hayo ni mazuri, lakini huwezi kuyapima kwa mizani. Nitakueleza yaliyotupata katika kijiji kimoja nilichofanyia kazi nikiwa Bwana Shamba.

Kikundi kilikuwa na wanachama 24, wake kwa waume. Walifyatua matofali wakajenga ghala la mahindi. Katika daftari la mkutano waliandika kwamba lengo lao ni kuinua hali ya maisha. Mwezi wa Julai waliingiza magunia 120. Mwenyekiti alifurahi. Mimi pia nilifurahi. Katika taarifa yangu ya mwezi niliandika: "Magunia yaliyopokelewa, 120." Wakubwa wangu walinipongeza.

Kisha tukafunga mlango. Kamati ilikutana mara tatu baada ya hapo. Mara zote tatu ilijadili jina la kikundi na rangi ya kuliandikia mlangoni.

Januari wazazi walihitaji fedha za sare na madaftari. Tukafungua ghala. Vumbi lilitoka kama kwenye mashine ya kusaga. Katika magunia 38, unga ulikuwa mwingi kuliko punje. Dumuzi walikuwa wamekula mahindi miezi sita bila mtu kuwaona.

Huenda unamfahamu mdudu huyo. Asili yake ni Amerika ya Kati. Hapa Tanzania alionekana kwanza Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wakulima wa huko walimwita Scania, kama lori. Lakini tusimlaumu dumuzi peke yake. Yeye alijua anachotaka. Sisi hatukujua.

Angalia kosa letu. Tulihesabu magunia yaliyoingia, tukadhani hiyo ndiyo kazi. Hakuna aliyepewa jukumu la kutazama yaliyomo. Hakuna aliyepima kama mahindi yamekauka. Baadhi ya magunia yalikuja na wadudu kutoka nyumbani, na sisi tuliyapokea ili hesabu iwe kubwa. Kosa hilo ni langu pia, maana mimi ndiye niliyekuwa nikiuliza kila wiki, "Yamefika mangapi?"

Msimu uliofuata tulikaa chini ya mwembe. Nikauliza, "Ndugu zangu, mnataka nini hasa?" Mama mmoja mtu mzima akasema, "Bwana Shamba, mimi nataka mwezi wa pili nisiombe unga kwa jirani." Kijana mmoja akasema yeye anataka fedha mwezi wa kwanza.

Hapo tukaona jambo ambalo hatukuwa tumeliona. Ghala moja lilikuwa na malengo mawili, na malengo hayo yanagombana. Mahindi yakiuzwa, hayaliwi. Yakiliwa, hayauzwi. Ilibidi kuchagua kipi kitangulie. Mkutano ukaamua chakula kitangulie.

Basi tukapiga hesabu. Nawe chukua kalamu. Nyumba yenye watu 6, kila mtu akila nusu kilo kwa siku, hutumia kilo 3 kwa siku. Kwa siku 365 ni kilo 1,095. Hayo ni magunia 11 ya kilo 100. Mwenye magunia 15 ana ziada ya manne. Mwenye tisa hana ziada, hata kama mfuko wake hauna senti. Hesabu hii iliwauma wengine, lakini ilisema kweli.

Kisha tukaangalia magunia ya ziada. Je, tuyauze Julai au tuyaweke? Bei ya Julai ilikuwa shilingi 40,000 kwa gunia. Mfuko usiopitisha hewa ulikuwa shilingi 5,000. Mlinzi na usafi, shilingi 2,000 kwa gunia. Jumla 47,000. Kwa hiyo bei isipopita 47,000, kuweka hakuna faida. Wewe weka bei za kwenu, hesabu ni ile ile.

Tukajaribu na njia ya zamani, ya gunia la kawaida bila kinga. Tuseme bei inafika 60,000, lakini wadudu wamekula theluthi. Utauza kilo 67 upate shilingi 40,200. Umengoja miezi saba kwa shilingi 200, na bado hujamlipa mlinzi.

Lakini nani anaijua bei ya Februari? Hakuna. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Herbert Simon, alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978. Alieleza kwamba mtu hawezi kujua kila kitu kabla ya kuamua. Kwa hiyo huweka kiwango kinachomtosha, na akikipata huacha kutafuta. Wanachama wetu hawakuwa wamemsikia, lakini walifanya hivyo hivyo. Waliandika:

"Kila nyumba iwe na chakula chake hadi mavuno. Ziada iuzwe bei ikifika 55,000. Isipofika, tukutane tarehe 15 Februari tuamue. Tusipoteze zaidi ya magunia mawili katika kila 100."

Linganisha maneno hayo na "kuinua hali ya maisha". Haya mtoto wa darasa la nne anaweza kuyakagua.

Kazi iligawanywa kwa majina. Wawili walipima ukavu mlangoni. Walitia punje na chumvi kavu katika chupa kavu, wakatikisa. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi yalirudishwa kuanikwa, hata yakiwa ya mwenyekiti. Na kweli ya mwenyekiti yalirudishwa. Wengine wawili walikagua ghala kila wiki mbili, wakitafuta matundu na unga sakafuni. Bambo lilipigwa marufuku, kwa sababu linatoboa mfuko na kuingiza hewa. Badala yake, kila mwezi mfuko mmoja ulifunguliwa mbele ya wanachama na kufungwa tena. Katibu aliandika yaliyoingia, yaliyotoka, na hali ya yaliyobaki.

Januari mnunuzi alikuja na bei ya 55,000. Ziada yote ikauzwa. Februari bei ikapanda hadi 62,000, na yule kijana akalalamika kwamba tumepunjwa. Yule mama akamjibu, "Mwanangu, shule ilifunguliwa Januari. Ulitaka mdogo wako avae bei ya Februari?" Watu walicheka, lakini kijana hakuridhika. Alitaka safari ijayo tuuze nusu kwanza. Hoja yake iliandikwa, na itapigiwa kura Juni.

Mahindi yaliyoharibika yalikuwa gunia moja. Mifuko saba ilikutwa na matundu ya panya. Katibu ameiandika, na mweka hazina ameambiwa atafute bei ya mipya kabla ya mavuno.