Kwa nini nusu ya DNA hunakiliwa vipande vipande

Kabla seli haijagawanyika, hunakili DNA yake yote. Michoro ya vitabu vya shule huonyesha nyuzi mbili zikiachana na kila mmoja ukijengewa mwenzake mpya. Mchoro ni sahihi, lakini hausemi kwamba kazi hiyo ni rahisi upande mmoja na ya taabu upande wa pili.

Uti wa kila uzi ni sukari na fosfati zinazopokezana. Fosfati hushika kaboni namba 5 ya sukari moja na kaboni namba 3 ya jirani yake, kwa hiyo uzi huwa na ncha mbili zisizofanana: ncha ya 5 na ncha ya 3. Nyuzi mbili za DNA zimelala kinyume, kama magari yanayopishana barabarani.

Polimerasi, kimeng'enya kinachonakili DNA, kilichompatia Arthur Kornberg tuzo ya Nobel mwaka 1959, huongeza herufi, yaani viungo vya uzi, kwenye ncha ya 3 peke yake. Hapo ndipo wanasayansi walipokwama. Picha za kromosomu ya bakteria alizozitoa John Cairns mwaka 1963 zilionyesha nyuzi zote mbili zikinakiliwa kwa pamoja kadiri panda, mahali nyuzi zinapoachana, inavyofunguka. Uzi mmoja hauna shida; polimerasi huufuata moja kwa moja. Huu mwingine unanakiliwaje, ikiwa polimerasi inalazimika kwenda kinyume na panda?

Jibu lilitoka Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, kwa mtu na mkewe, Reiji na Tsuneko Okazaki. Waliwapa bakteria wa E. coli thimidini yenye mionzi kwa sekunde chache tu, wakasimamisha kazi ghafla, wakaachanisha nyuzi na kuzizungusha kwenye sentrifuji zijipange kwa urefu. DNA iliyotoka kujengwa ilikuwa fupi fupi, vipande vya herufi 1,000 hadi 2,000. Bakteria walipopewa muda zaidi, mionzi ilionekana kwenye nyuzi ndefu: vipande vilikuwa vimeungwa. Kwa virusi wanaoshambulia bakteria hao, waliokuwa na ligasi mbovu, kimeng'enya cha kuunga, vipande vilirundikana tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1968. Reiji, mzaliwa wa Hiroshima, alifariki kwa saratani ya damu mwaka 1975, na Tsuneko akaendelea na utafiti wa jinsi kila kipande kinavyoanzishwa kwa kijisehemu cha RNA ambacho baadaye huondolewa. Kwenye miisho ya kromosomu zetu, kijisehemu cha mwisho kikiondolewa nafasi yake haizibiki, na kromosomu hufupika kidogo kila inaponakiliwa.

Mbona basi viumbe havikupata polimerasi ya pili, ya kwenda upande wa pili? Maelezo yanayonishawishi zaidi yanahusu usahihishaji. Kila herufi mpya huja na fosfati tatu, na nishati ya kuungia hutoka humo. Polimerasi ikikosea, huikata herufi mbaya. Ncha ya 3 inabaki tayari, na herufi ifuatayo inakuja na nishati yake. Ujenzi ungeelekea upande wa pili, nishati hiyo ingekaa kwenye ncha ya uzi wenyewe. Kukata kosa kungeiondoa pamoja nalo, na uzi ungekwama. Ninavyoona, vile vipande ndiyo gharama ambayo uhai unalipa ili nakala iwe safi.

Mwelekeo huohuo ndio unaotumiwa na dawa za VVU. Kirusi hiki nacho hujenga DNA yake kwa kuongeza herufi kwenye ncha ya 3. Tenofoviri na lamivudini, zilizomo katika kidonge kinachomezwa kila siku na wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki, hujifanya herufi za kawaida na kuingizwa kwenye uzi. Lakini hazina kile kikundi cha oksijeni na hidrojeni ambacho herufi inayofuata ingekishika. Uzi unaishia hapo, na kirusi hakipati nakala ya kupandikiza kwenye seli.