Sungura Aliyetoka Kutibiwa Meno

Tumezoea kuzungumza juu ya kuhara, chanjo na maziwa ya mama. Leo tuna jambo ambalo huenda wengine wakalicheka: sungura aliyefanyiwa upasuaji wa meno. Lakini ziko nyumba nyingi ambako mtoto amefuga sungura nyuma ya jikoni, akampa jina, na siku sungura huyo asipokula, mtoto naye hagusi sahani yake. Isitoshe, dawa iliyobaki kabatini tangu mtoto alipougua inaweza kumuua mnyama huyo. Basi tusikilizane.

Meno ya sungura hayafanani na yetu. Anayo 28, na yote huendelea kukua maisha yake yote. Yale ya mbele hukua karibu milimita 2 hadi 3 kila wiki. Akitafuna nyasi kutwa, meno husagana na kubaki sawa. Akilishwa vyakula laini tu, au akiwa amezaliwa na taya lisilolingana, meno hupita kiasi, yakajikunja na kuchoma ulimi au shavu. Utamwona anakisogelea chakula, anakinusa, kisha anaondoka. Kidevu chake hulowa mate, na machozi yaweza kumtoka jicho moja. Hapo daktari wa mifugo humtia dawa ya usingizi akayasaga magego yaliyochongoka, au akang'oa meno ya mbele yaliyoharibika kabisa. Usikubali jirani aje na koleo au kikatio cha kucha. Jino la sungura likibanwa hivyo hupasuka hadi kwenye mzizi, na baadaye jipu huota ndani ya taya. Jipu hilo ni gumu kulitibu kuliko jino lenyewe.

Jambo moja huwachanganya akina mama. Mtoto anapokwenda kufanyiwa upasuaji, unaambiwa asile tangu usiku. Sungura sivyo. Sungura hawezi kutapika, na tumbo lake halifai kukaa tupu. Mwache ale mpaka saa ya kuondoka, na hata nyasi zake mbebee, azikute akizinduka.

Sasa amerudi nyumbani. Saa za kwanza anahitaji joto. Mweke ndani ya nyumba, mbali na upepo, mbwa na kelele, kwenye boksi lililotandikwa magazeti au kitambaa safi. Vumbi la mbao lisitumike kwa sasa, kwa kuwa hunata kwenye kidonda. Jaza chupa maji ya uvuguvugu, izungushie kitambaa, uiweke upande mmoja wa boksi ili akisikia joto limezidi aweze kusogea. Kama ana mwenzake waliyezoeana, waache wawe karibu.

Baada ya joto, kazi kubwa ni kula. Hapa ndipo sungura wengi hupotea. Tumbo la sungura ni kama kinu cha kusagia: lazima kitu kiingie ili kingine kitoke. Akikaa bila kula kwa sababu ya maumivu, matumbo husimama, gesi hujaa, na anaweza kufa ingawa upasuaji wenyewe ulikwenda vizuri. Kwa hiyo usiseme "nitamwacha apumzike hadi kesho". Mwekee nyasi kavu laini, na majani mabichi kama dania au majani ya viazi vitamu, uyaoshe na kuyakatakata. Karoti ikwangue iwe nyembamba, tena kidogo tu kwa sababu ya sukari yake. Aliyeng'olewa meno ya mbele hawezi tena kuuma kipande kikubwa, ila atakula vizuri ukimkatia vipande vyembamba, maana magego ndiyo yanayotafuna. Maji yawe kwenye bakuli zito, kwani chupa ya kunyonya inaweza kumuumiza.

Akikataa kula mwenyewe, itabidi umlishe. Chukua chakula chake cha vidonge kinachouzwa dukani, kiloweke katika maji ya uvuguvugu hadi kiwe uji, kisha ukichuje. Nunua bomba la sindano kwenye duka la dawa, uondoe sindano yenyewe. Bomba hilo liwe la sungura peke yake, lisichanganywe na lile unalompimia mtoto dawa. Mfunge sungura kwa leso, kichwa kibaki nje, akae kwa miguu yake. Usimlaze chali, anaweza kupaliwa. Ingiza ncha ya bomba pembeni mwa mdomo, kwenye nafasi iliyo nyuma ya meno ya mbele, usukume kidogo kidogo, umngoje ameze. Sungura wa kilo 2 hutosheka na mililita 20 hadi 30 kwa mara moja, mara 4 au 5 kwa siku. Kama tumbo limevimba na kuwa gumu, usimlishe kwa nguvu. Mrudishe kwa daktari upesi.

Chunguza choo chake. Tena mkabidhi mtoto kazi hiyo, ataifanya kwa bidii kuliko wewe. Gololi kubwa za duara ni habari njema. Gololi ndogo, kavu na chache ni onyo. Asipokula wala kutoa choo kwa saa 12, usingoje kupambazuke. Kadhalika akikaa amejikunyata pembeni huku akisaga meno kwa sauti, ujue yuko kwenye maumivu makali. Tazama pia mkiani. Mdomo ukiuma hawezi kujisafisha, na nzi hutaga mayai penye uchafu. Mfute kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, kisha umkaushe vizuri.

Sasa tuje kwenye ile dawa ya kabatini, na hapa nawaomba akina mama msikie vizuri. Dawa za jamii ya penisilini, kama amoksilini ya watoto, zikipitia mdomoni huua vijidudu vizuri vilivyo tumboni mwa sungura, na vibaya vikatawala. Sungura huharisha na kufa. Hata tone moja usimpe. Dawa zetu za maumivu nazo usimkadirie mwenyewe. Ile aliyokupa daktari wa mifugo ndiyo umpe, kwa kipimo na siku alizosema, hata akionekana amechangamka siku ya pili.

Watoto wanawe mikono kwa sabuni kila wanapomshika, na wasimbusu mdomoni kidonda kikiwa bado hakijapona. Mtoto akiumwa au kuparurwa, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni, umpeleke kituo cha afya.

Najua kuna baba atakayesema huyu achinjwe, gharama ziishe. Hayo ni ya kuamuliwa nyumbani kwenu. Ila nyama ya mnyama aliyedungwa dawa ya usingizi na dawa nyingine haifai kuliwa mpaka daktari aseme siku ngapi zipite. Usiipike kwa sababu tu hutaki hasara.

Kabla ya kuondoka kliniki, uliza siku ya kurudi. Magego yaliyosagwa hukua tena, na wengine huhitaji kusagwa kila baada ya wiki chache. Kama daktari atasema taya lake lilizaliwa hivyo, basi usimzalishe, kwa kuwa watoto wake wanaweza kurithi taya hilo hilo.